Mbizi ya Mwogeleaji: Fizikia Yake na Hadhari Yake

Msomaji aliyepata kufika kwenye chemchemi za Kikuletwa, maarufu kwa jina la Chemka, upande wa Boma Ng'ombe chini ya mlima Kilimanjaro, bila shaka amewaona vijana wakijirusha majini. Mmoja huingia kama mkuki. Mwenzake huangukia tumbo, akatoka analishika kwa maumivu. Wametoka kimo kilekile, na uzito wao haupishani sana. Tofauti yao ni suala la fizikia. Katika mashindano ya kuogelea hutenganisha mshindi na mshindwa. Katika maji haba huweza kutenganisha mtu mzima na aliyevunjika shingo.

Tuanze na jukwaa la kuanzia. Kanuni za kimataifa huruhusu kimo cha sentimita 50 hadi 75 juu ya maji. Mwogeleaji huinama, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Ishara inapolia, hulisukuma jukwaa nyuma na chini; nalo, kwa mujibu wa kanuni ya tatu ya Newton, humsukuma mbele na juu kwa kani iliyo sawa. Tuchukue mtu wa kilo 70 ambaye kwa sekunde 0.6 anajipatia mwendokasi wa mita 4.5 kwa sekunde kuelekea mbele. Wastani wa kani hiyo ya mbele ni 70 × 4.5 ÷ 0.6, yaani nyutoni 525.

Akisha kuruka, hana tena kitu cha kusukuma. Njia ya kitovu cha uzito wake imekwisha kuamuliwa, kama ya jiwe lililotupwa. Awezalo kubadili ni mkao wa mwili tu. Kitovu hicho kikishuka sentimita 90, mvutano wa dunia humpa mita 4.2 kwa sekunde kuelekea chini. Tukiiunganisha miendokasi hiyo miwili kwa kanuni ya Pythagoras, twapata takriban mita 6 kwa sekunde. Pan Zhanle wa China, aliyeogelea mita 100 kwa sekunde 46.40 katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alikwenda kwa wastani wa mita 2.16 tu kwa sekunde.

Kazi inayobaki, basi, ni kuuhifadhi mwendo huo. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, na ukinzani wake hufuata kipeo cha pili cha mwendokasi: ukienda kasi mara tatu, maji hukukinza mara tisa. Ndiyo maana mwogeleaji hodari hupitisha mikono, kichwa, kiwiliwili na miguu katika tundu moja la maji, kisha huteleza amenyooka. Akipiga miguu mapema mno huongeza ukinzani. Akichelewa, hupoteza mwendo.

Je, mkazi wa mlimani ana nafasi bora? Hewa ya Moshi, mji ulio kwenye kimo cha mita 800 hadi 900 hivi, ni nyepesi kwa asilimia 8 hivi kuliko ya pwani. Lakini safari ya angani haifiki nusu sekunde, na faida hiyo ni ndogo mno hata saa ya mashindano haiwezi kuionyesha.

Hesabu hizohizo zina upande wa kutisha. Anayeingia wima kwa mita 6 kwa sekunde katika maji ya kina cha mita 1 hufika chini kwa takriban sehemu moja ya tano ya sekunde, muda ambao binadamu huuhitaji ili aanze tu kuitikia ishara. Kichwa husimama, kiwiliwili huendelea, na shingo hubeba mzigo wote. Mfupa ukivunjika na kuharibu neva kuu iliyomo ndani yake, mikono na miguu huweza kupooza maisha. Akiingia kwa pembe ya nyuzi 30, njia ya kufika chini huwa ndefu mara mbili.

Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa hudai kina kisichopungua mita 1.35 mbele ya jukwaa. Penye pungufu, wanafunzi na waanzie ndani ya maji, wakishika ukuta. Mtoni au chemchemini, macho hayatoshi: maji maangavu hupinda mwanga, na maji ya tope huficha mawe na mizizi. Aingie mtu kwa miguu kwanza, polepole, apime. Wahenga walikwisha sema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.