Ushirikishwaji wa Umma katika Usafishaji wa Maeneo yenye Mionzi: Mtazamo kutoka Ukanda wa Tororo na Busia

Makala haya yanajadili nafasi ya wananchi katika maamuzi kuhusu mabaki yenye mionzi katika ukanda wa Tororo na Busia, ikiwemo Nabuyoga. Vilima vya Sukulu, karibu na mji wa Tororo, vina miamba ya kabonatiti yenye fosfeti. Miamba ya aina hiyo kwa kawaida hubeba urani na thoriamu kwa viwango vinavyotofautiana. Fosfeti inapochakatwa kwa asidi ya salfuri ili kupata mbolea, sehemu kubwa ya radiamu iliyomo huhamia katika jasi inayobaki. Kwa kuwa radiamu-226 hupungua kwa nusu baada ya takriban miaka 1,600, uamuzi wa mahali pa kurundika jasi huwafunga hata wasiozaliwa.

Msingi wa kisheria upo. Katiba ya Uganda ya 1995, Ibara ya 39, inatambua haki ya mazingira safi. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 69, inaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika hifadhi ya mazingira. Swali ni lini wananchi wanaitwa: kabla ya njia kuchaguliwa, au baada yake?

Kila njia ina gharama yake. Kufukua na kuhamisha huwatwisha wengine mzigo. Kufunika kwa udongo hudai uangalizi wa vizazi. Kuzuia matumizi huwanyima wakulima ardhi. Sayansi hupima kiwango cha mionzi, lakini haiwezi peke yake kuamua nani apoteze shamba. Hilo ni suala la haki. Huko Hanford, Marekani, bodi ya ushauri iliyoundwa mwaka 1994 iliwaketisha pamoja wakazi, wafanyakazi na mataifa ya wenyeji; hata hivyo, mamlaka ya kuamua yalibaki kwa serikali.

Kwa hiyo, makala yanapendekeza mambo manne. Mosi, mionzi ya asili ipimwe na kutangazwa kabla ya uchimbaji kupanuliwa. Pili, maelezo yatolewe kwa Kidhopadhola, Kiteso, Kisamia na Kiswahili. Tatu, wakazi wa pande zote mbili za mpaka washauriwe, kwani maji na vumbi havisimami forodhani. Nne, mamlaka zijibu kwa maandishi kila pendekezo linalokataliwa. Bila jibu hilo, mkutano wa hadhara hubaki orodha ya mahudhurio tu.