Kusamehe Kabla ya Kuombwa Msamaha



Katika utume wetu tunakutana mara kwa mara na waamini wanaosema: "Padre, mimi niko tayari kumsamehe, lakini sharti aje yeye kwanza kuniomba radhi." Tunayasikia maneno hayo kwa wanandoa, kwa ndugu waliogombania shamba la urithi, hata kwa wanajumuiya wanaosali Rozari pamoja. Miaka inapita, mkosaji haji, na aliyekosewa anaendelea kubeba kinyongo. Je, Kristo anatutaka tusubiri?

Katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, Bwana anatueleza habari za mtumwa aliyewiwa talanta elfu kumi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Deni hilo lisingelipika hata kwa maisha mengi. Mtumwa aliomba muda tu, lakini mfalme alimfutia deni lote. Kisha akatoka, akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Huyo ndiye sisi, tunapompangia mwenzetu masharti ambayo Mungu hakutupangia.

Mtakatifu Maria Goretti wa Italia anatufundisha jambo hili kwa maisha yake. Tarehe 5 Julai 1902, akiwa na umri wa miaka 11, alichomwa kisu na kijana Alessandro Serenelli alipopinga kunajisiwa. Kesho yake, kabla ya kukata roho hospitalini, alisema kwamba amemsamehe na kwamba anatamani awe pamoja naye mbinguni. Alessandro hakuwa ameomba chochote, na kwa miaka kadhaa gerezani alibaki na moyo mgumu. Toba yake ilikuja baadaye. Alipoachiwa huru alimwendea Assunta, mama wa Maria, akamwomba msamaha, naye akampatia.

Hapa tuone mambo mawili. Kwanza, msamaha ulitangulia toba. Haukuwa malipo ya toba. Pili, msamaha haukufuta haki: Alessandro alihukumiwa miaka 30, akatumikia 27. Kwa hiyo, mama anayepigwa nyumbani anaweza kusamehe kwa moyo wote na wakati huohuo kukimbilia mahali salama na kutoa taarifa kwa vyombo vya sheria. Asiambiwe kwamba kusamehe ni kurudi kwenye kipigo. Kusamehe kunahitaji moyo wa mtu mmoja. Kupatana kunahitaji mioyo ya watu wawili, na ukweli kati yao.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini yapo yaliyopita ambayo bado ni ndwele, nayo hayapoi kwa kufunikwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2843, inakiri kwamba si katika uwezo wetu kutoyasikia tena maumivu wala kuyasahau. Bali moyo unaojitoa kwa Roho Mtakatifu hugeuza jeraha kuwa huruma. Basi, anayeumia bado asidhani kwamba hajasamehe. Msamaha ni uamuzi, na mara nyingine hutubidi kuufanya upya kila asubuhi.

Tuanze na hatua ndogo. Tumtaje kwa jina katika sala yule aliyetukosea, tukimwombea mema. Tuache kulisimulia kosa lake kila tunapopata msikilizaji. Tuliungame chuki letu katika Sakramenti ya Kitubio, maana hatuwezi kutoa tusichokubali kukipokea. Na katika Misa ya Dominika ijayo, tutakapofika mahali pa Sala ya Bwana tunapoomba kusamehewa kama tunavyosamehe, jina hilo tulipeleke altareni.

Kristo msalabani aliwaombea watesi wake kabla hata mmoja wao hajatubu. Atujalie moyo kama wake.