"Part" si Sehemu Kila Mara

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowatatiza wanafunzi wetu wa tafsiri, sijaona linalowashinda kimyakimya kama "part". Ni neno fupi, na kila mtoto wa shule hufundishwa mapema kwamba maana yake ni "sehemu". Matokeo yake ni kwamba ninaposahihisha kazi za wanafunzi hukuta "sehemu" imepachikwa kila mahali: "kwa sehemu yangu", "alichukua sehemu katika mashindano", "sehemu za ziada za gari". Maneno ni ya Kiswahili lakini fikra ni ya Kiingereza. Mswahili husema: kwa upande wangu, alishiriki mashindano, vipuri vya gari.

Tuanze na asili ya neno lenyewe. "Part" limetokana na neno la Kilatini "pars", na liliingia katika Kiingereza kwa milango miwili. Kwanza, kabla ya mwaka 1066, wasomi waliofundisha sarufi ya Kilatini walilitumia kutajia aina za maneno. Baadaye, Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka huo, lilirejea kupitia Kifaransa, safari hii likiwa na maana pana. Waingereza walikuwa na neno lao la asili, ambalo siku hizi ni "deal". Mgeni alilisukuma kando, likasalia katika misemo kama "a great deal", yaani kiasi kikubwa. Wanaokibeza Kiswahili kwa kukopa na walitafakari hilo.

Mgeni huyo alikuja na jamaa zake. "Particle" ni chembe. "Party" ni kundi lililosimama upande wake. "Depart" hapo awali lilimaanisha kugawanya, ndipo likaja kumaanisha kuondoka. Katika enzi ya Shakespeare, mwigizaji hakukabidhiwa tamthilia nzima. Alinakiliwa maneno yake tu, pamoja na vidokezo vya kumjulisha zamu yake ya kusema. Maandishi hayo ndiyo yaliyoitwa "part" yake. Hadi leo Mwingereza husema mtu "amecheza part" katika jambo fulani, ilhali sisi husema ametoa mchango au ametekeleza dhima.

Kiswahili nacho kina utaratibu wake. Aghalabu huuliza kwanza: kitu hiki kina uhusiano gani na kizima chake? Kilichokatwa ni kipande. Kilichotengwa ili kigawiwe mtu ni fungu. Kinachomilikiwa kwa ushirika bila kukatwa ni hisa. Kitabu kimoja katika mfululizo ni juzuu. Kinachowekwa ili kichukue nafasi ya kilichoharibika ni kipuri, ambacho mafundi wetu hukiita spea. Kinachounga ni kiungo. Ndiyo sababu mkono ni kiungo cha mwili, bizari ni kiungo cha mchuzi, na mchezaji anayewaunganisha walinzi na washambulizi uwanjani pia ni kiungo. Hata "sehemu" ina historia yake: imetokana na neno la Kiarabu "sahm", lenye maana ya mshale na pia fungu, kwani Waarabu wa kale walipiga kura kwa mishale.

Mkenya anajua pia kwamba neno la namna hii laweza kubeba uchungu. Chini ya sheria ya usajili ya mwaka 1915, serikali ya kikoloni ilimlazimu mwanamume Mwafrika kutembea na cheti chenye alama za vidole, akikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Wananchi walikiita kipande. Mfasiri atakayekiita "sehemu" atakuwa ameifuta historia hiyo yote.

Kuna wanaodai kwamba haya ni mambo ya darasani tu. Sikubaliani nao. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Kwa hivyo mikataba na sheria hazina budi kufasiriwa. Tuseme hati ya Kiingereza inasema kila ndugu ana "part" katika shamba la marehemu baba yao. Mfasiri akiandika "kipande", kila mmoja atamngoja mpimaji ardhi aje kuweka mipaka. Akiandika "hisa", hapana ruhusa ya kujenga ua, kwa maana shamba bado ni moja. Akiandika "sehemu", kila ndugu ataisoma apendavyo, na kesi itafika mahakamani.

Nawasihi walimu wenzangu waache kufundisha tafsiri kwa orodha za maneno, neno kwa neno. Mwanafunzi akikutana na "part", aulizwe kwanza: kimekatwa, kimeungwa, kimegawiwa, au kinamilikiwa kwa pamoja? Akishajibu, neno la Kiswahili atalipata bila kulifungulia kamusi, kwa maana analo tangu utotoni.