Pareto: Ua Linaloua

Itazame kwa makini nembo ya taifa la Kenya. Simba wale wawili wamesimama juu ya Mlima Kenya, na miguuni mwao yamepangwa mazao: kahawa, chai, mkonge, mahindi, nanasi. Na pareto. Hayo mengine hata mtoto wa chekechea atakutajia. Pareto wengi huipita wakidhani ni pambo.

Si kosa lao. Ukiikuta shambani Molo au Mufindi utasema ni maua ya kupamba meza: petali nyeupe, kitovu cha njano, kikonyo chembamba. Ni ndugu wa alizeti, ila alizeti huvunwa mara moja ikaisha, na pareto hukaa shambani miaka kadhaa ikichanua. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo; Kenya ilifika mwishoni mwa miaka ya 1920.

Petali zile ni urembo mtupu. Sumu yenyewe, pairethrini, imejificha zaidi kwenye vijimbegu vya kile kitovu cha njano. Ikimwingia mdudu, vijilango vya neva zake vinavyopaswa kufunguka na kujifunga hubaki wazi. Neva hupiga mfululizo bila kupumzika, mdudu akatapatapa na kuanguka chali. Mwili wa binadamu huivunja haraka. Samaki hana bahati hiyo, kwa hiyo usioshee bomba la kupulizia mtoni.

Mmea wenyewe una ukaidi wake. Upande Tanga au Mombasa, utavuna majani. Bila usiku wa baridi hauchanui, ndiyo maana makao yake ni Nyandarua, Mbeya, Njombe na miteremko ya volkano kule Musanze, Rwanda. Mkulima aliye na shina lililostawi hahangaiki na mbegu: huling'oa, akaligawa vipande vyenye mizizi, akapanda upya. Kazi kubwa ni kuchuma. Maua hayakomai pamoja, basi kila baada ya wiki mbili au tatu unarudi kwenye matuta yale yale na kikapu. Ukiwahi, sumu haijajaa; ukichelewa, vijimbegu vinapukutika. Kilo 4 hadi 5 za maua mabichi hukauka na kubaki kilo 1. Na kiwandani hawaangalii mizani peke yake, wanapima pia kiasi cha pairethrini, hivyo anayechanganya vikonyo ili kuongeza uzito anajipunja mwenyewe.

Adui wa sumu hii ni jua. Ikishatolewa kwenye ua na kupuliziwa mahali peupe, mwanga huivunja upesi. Jikoni hiyo ni sifa njema, maana haibaki kwenye chakula. Kwa mwenye shamba la pamba ni hasara: leo umepulizia, kesho wadudu wamerudi. Wanakemia Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walipochapisha umbo la molekuli yake mwaka 1924, mlango wa kuiiga ulifunguka. Katika miaka ya 1970 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, wakaipata permethrini, mwigo usioogopa jua. Ukilala leo ndani ya chandarua chenye dawa, unalindwa na mtoto wa kambo wa pareto.

Mbu nao wamejifunza kuivunja dawa hiyo. Vyandarua vipya vingine huongezewa kiungo kiitwacho PBO, kinachomnyima mbu uwezo huo. Wenye pareto hawakushangaa: wao walikuwa wakikichanganya na dawa yao tangu miaka ya 1940, kwa sababu mdudu aliyeanguka kwa pareto tupu huweza kuzinduka akaruka zake.

Kenya iliongoza dunia kwa miongo kadhaa. Miigo ya bei nafuu ikaibana sokoni, malipo ya wakulima yakachelewa mno, wengi wakang'oa pareto wakapanda viazi. Uongozi ukahamia Tasmania, kisiwa cha Australia, ambako mashine hupita shambani mara moja kwa mwaka na kukata maua yote kwa mkupuo. Molo bado ni vidole, ua moja moja.