Unatamani bastola ndogo ya kubeba kila siku? Pima haya kwanza

KUNA swali ambalo vijana wenye biashara Kericho na Bomet huulizana kwa sauti ya chini, hasa bonasi ya majani chai inapokaribia kuingia: “Mguu wa kuku mdogo, ule wa kufichwa chini ya jaketi, mtu huupata aje?”

Labda ni wewe unayeuliza. Una duka la M-Pesa pale Kapsoit au Litein. Unafunga saa moja na nusu jioni, ukungu umeshashuka, na njia ya nyumbani inapita katikati ya mashamba ya chai ambako huoni mtu hadi amekufikia. Kwenye begi una pesa ambazo nyingi si zako. Umesikia ya jirani aliyevamiwa, na tangu hapo kila pikipiki inayopunguza mwendo nyuma yako inakushtua.

Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini swali la “bastola gani ndogo inafaa” lina maswali mengine mbele yake, na ukiyaruka unaweza kujikuta ndani ya seli, hospitalini au kaburini. Kwa hivyo twende hatua kwa hatua.

Si haki, ni ruhusa

Filamu za Marekani zimetuzoesha kuona kila mtu akichomoa chuma kiunoni. Kule Katiba yao ina kifungu cha mwaka wa 1791 kinacholinda haki ya raia kumiliki silaha. Katiba yetu ya 2010 haina kitu kama hicho. Hapa kwetu bunduki ya raia ni ruhusa, na ruhusa hiyo inatolewa chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, kupitia Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki.

Sheria hiyo inataka mambo mawili makubwa. Kwanza, uwe na sababu nzuri ya kumiliki silaha. Pili, mamlaka iridhike kwamba ukipewa, usalama wa umma hautahatarishwa. Mtu mlevi au asiye na akili timamu hapewi. Kutaka heshima mtaani si sababu. Kubeba pesa za biashara kila siku, au kuwa umetishiwa maisha na ukaripoti polisi, hiyo ni hoja unayoweza kuweka mezani.

Ukipewa, usidhani umemaliza. Cheti huhuishwa, na kinaweza kufutwa. Wamiliki wa zamani wanakumbuka Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang’i alipoagiza kila raia mwenye leseni apigwe msasa upya na kuwapa siku 90. Watu waliokuwa wamebeba bastola kwa miaka walijikuta wakipanga foleni kueleza upya kwa nini wanaihitaji.

Hesabu pesa pia. Bastola mpya ya halali huuzwa kwa malaki ya shilingi. Ongeza kasha la chuma la kuifungia nyumbani, risasi za mazoezi, na nauli ya kwenda kufanya mazoezi yenyewe.

Ile “ya haraka” ya mtaani

Hapo ndipo jamaa fulani hujitokeza na kukuambia anajua mtu. Bei nafuu, hakuna karatasi, unalipa leo unabeba leo.

Shirika la utafiti la Small Arms Survey la Uswisi lilikadiria kwamba mwaka wa 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, na sehemu kubwa mno ya hizo hazikuwa zimesajiliwa. Kwa hivyo ndiyo, zipo. Lakini jiulize kwa nini mwenyewe anataka kuiacha kwa bei ya kutupa. Risasi inapopita kwenye mtutu huachiwa alama, na wataalamu wa maabara ya polisi hulinganisha maganda na risasi za matukio ya zamani. Ukishikwa nayo, huenda ukaulizwa kuhusu mauaji ya Nakuru au Eldoret ambayo hukuwahi hata kuyasikia. Na hata kama bastola hiyo haina historia, kuwa nayo tu bila cheti ni kifungo cha miaka.

Wala usijidanganye na ile ya bandia ya kutisha watu. Ukiitumia kutenda kosa au kumzuia afisa asikukamate, sheria haitakuonea huruma kwa kuwa ni mwanasesere. Na gizani, karao hana muda wa kuuliza kama ni plastiki.

Ndogo ina gharama yake

Tuseme sasa una sababu, umepita msasa na cheti unacho. Je, uchukue ndogo au ya kawaida?

Majina unayoyasikia sana kwenye habari za hapa nchini ni Ceska na Glock. Ceska ile ya CZ 75 ina uzito wa karibu kilo moja hata kabla ya kutiwa risasi. Bebea pakiti ya sukari ya kilo kiunoni kutwa nzima ndipo utaelewa kwa nini watu hutamani kitu chepesi. Familia ya Glock za milimita 9 inaonyesha vizuri tofauti za ukubwa. Glock 17 ina mtutu wa milimita 114 na hubeba risasi 17. Glock 19 ina mtutu wa milimita 102 na risasi 15. Glock 26 imefupishwa hadi milimita 87 na risasi 10. Glock 43 ni nyembamba zaidi, na magazini yake ya kawaida huchukua risasi sita.

Ukiangalia orodha hiyo unaweza kusema, “Basi nipe ile ya mwisho.” Subiri kidogo.

Risasi ni ileile ya milimita 9, lakini bastola imekuwa nyepesi. Maana yake teke lake mkononi ni kali zaidi, na mkono hurudi kwenye shabaha polepole. Mpini ni mfupi, hata kidole cha mwisho hukosa pa kushika. Alama mbili za kulengea, ya nyuma na ya mbele, zimekaribiana, kwa hivyo mkono ukitikisika kidogo tu risasi hupotoka sana mbele. Bastola ndogo si ya anayeanza, ingawa ndiyo anayoitamani. Walimu wengi wa shabaha watakwambia ujifunzie ile ya ukubwa wa kati, halafu uamue. Na usichague kwa picha ya simu. Ishike, ipige mbele ya mwalimu, uone kama kidole kinafikia kifyatulio bila kulazimisha na kama una nguvu ya kuvuta sehemu ya juu kurudi nyuma.

Kwa wengi, jibu huishia katikati: si kubwa ya kukuchosha ukaiacha nyumbani, si ndogo kiasi cha kukushinda siku unayoihitaji.

Kericho haifanani na Lodwar

Hali ya hewa nayo ina neno. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Faida ni kwamba jaketi na sweta ni mavazi ya kila siku, kwa hivyo hata bastola ya ukubwa wa kati hufichika bila shida. Mtu wa Lodwar anayevaa shati jepesi ana sababu kubwa ya kutafuta ndogo kuliko wewe.

Hasara ni unyevu. Chuma kinachokaa chini ya jaketi lililoloa, karibu na jasho, hushika kutu. Bastola ya kubeba kila siku hukaguliwa, kukaushwa na kupakwa mafuta kidogo mara kwa mara. Usipoweza kuitunza, itakusaliti.

Fikiria pia usafiri. Kwenye matatu ya watu 14 kutoka Kericho kwenda Bomet, ubavu wako na wa jirani yako ni kitu kimoja. Kwenye boda, jaketi hupeperuka na upepo. Aliyeiona hatanyamaza, na kesho mtaa mzima utajua. Badala ya kuwa mtu anayeogopwa na wezi, unakuwa mtu anayefuatwa kwa sababu ana bastola ya kuibwa.

Na dada, ukiambiwa uiweke kwenye mkoba, kataa. Mkoba ndio wa kwanza kunyakuliwa.

Mahali pake ni kwenye ala ngumu iliyotengenezewa bastola hiyohiyo, inayofunika kifyatulio chote na kushikwa imara na mshipi. Si mfukoni pamoja na funguo. Si kuchomeka tu kwenye suruali kama kwenye video za muziki. Plaxico Burress, nyota wa kandanda ya Kimarekani, alichomeka bastola yake kwenye suruali ya michezo Novemba 2008 akaingia klabu ya usiku New York. Ilipoteleza ikafyatuka na kumpiga pajani. Hakuwa na leseni ya New York, akahukumiwa miaka miwili jela na kutumikia takriban miezi 20. Wakati huo alikuwa na umaarufu, pesa na mawakili.

Kila siku maana yake ni kila siku

Hapa ndipo wengi hawafikirii. Kubeba kila siku ni kuwa nayo pia siku ya harusi, siku ya mechi, na siku umegombana na mtu kuhusu deni. Sheria yetu inamtia hatiani mtu anayelewa au kufanya fujo akiwa amebeba bunduki. Kwa hivyo siku una bastola, hunywi. Si “nitaonja moja.” Januari 2020, DJ mmoja alipigwa risasi shingoni ndani ya klabu mtaani Kilimani, Nairobi. Alikuwa ameenda kazini kucheza muziki, na maisha yake yakabadilika usiku huo. Bastola na klabu haviendani, hata uwe na vyeti vingapi.

Halafu kuna nyumbani. Sheria inakutaka uitunze isipotee, isiibwe, na isimfikie mtu asiye na ruhusa. Sasa tazama unapoishi. Ukiwa chumba kimoja na mdogo wako wa darasa la tano, na mlango una kufuli la shilingi mia mbili, utaificha wapi? Chini ya godoro mtoto anapajua kabla yako. Bila kasha la chuma lililofungwa ukutani au sakafuni, hujawa tayari.

Dakika yenyewe

Watetezi wa silaha za raia hutaja Westgate, na wana haki ya kuitaja. Septemba 21, 2013, raia wachache wenye leseni waliingia jumba lile na bastola zao wakasaidia kuwatoa watu, katika shambulio lililoua watu 67. Ulikuwa ujasiri mkubwa. Lakini wizi wa njiani hauji hivyo. Unakuja kwa nyuma, watu wawili, hatua mbili kutoka kwako, na umekwisha kushikwa shingo kabla hujafungua zipu ya jaketi. Bastola isiyofikiwa kwa wakati inabadilisha mwenyewe.

Na ukifaulu kufyatua, mahakama itauliza kama ilikuwa lazima na kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari. Kumpiga risasi mgongoni mwizi anayekimbia na simu yako hakutaitwa kujilinda kirahisi. Kumbuka pia umati. Watu wakisikia mlio na kukuta kijana ameshika bastola, hawataanza kwa kuuliza cheti. Nao polisi wanaofika hawajui nani ni nani.

Kabla ya bastola

Mara nyingi kinachomvuta mwizi ni pesa unazobeba. Punguza hizo kwanza. Peleka floti benki au kwa ajenti mchana, kwa saa zisizofanana kila siku. Usihesabu noti mlangoni. Funga mapema wakati wa bonasi, hata kama wateja watanung’unika. Taa ya nje, mlango wa chuma, na kutembea na wenzako wawili watatu wanaofunga saa ileile ni rahisi kuliko leseni. Ongea na OCS na wazee wa Nyumba Kumi kuhusu ile kona inayojulikana. Ukitishiwa, ripoti na uchukue nambari ya OB, kwa sababu hata siku utakapoomba leseni, rekodi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba sababu yako ni ya kweli.

Ukishafanya hayo yote na bado hatari ipo, basi peleka ombi lako kwa njia halali na ujibu kwa ukweli. Una pa kuifungia usiku? Una pesa na muda wa kufanya mazoezi kila mara, si mara moja tu? Unaweza kuacha pombe siku zote unazobeba? Unaweza kutukanwa sokoni mbele ya watu ukaondoka kimya kwa sababu una bastola kiunoni?

Ukijibu ndiyo kwa yote, tafuta mwalimu na ujaribu ya ukubwa wa kati kwanza. Ukipata hapana hata moja, funga duka saa kumi na mbili.