Paka Yako Haina Makosa, Keja Ndio Iko na Viroboto

Kwangu Umoja tunaishi wawili, mimi na Chapo. Chapo ni paka ya rangi ya chapati, na madoa za kahawia kwa mgongo kama zimeshikwa na moto ya jiko, ndio mtoi wa jirani akaipea hiyo jina. Niliiokota ikiwa kadogo nyuma ya kibanda ya mama samaki. Tangu hiyo siku nikitoka job jioni, inaskia mguu yangu kwa ngazi nikiwa bado floo ya pili, na nikifungua mlango iko hapo. Kama unaishi solo kwa bedsita, unajua hiyo ni kitu kubwa aje.

Julai, baridi ikiwa imeshika Nairobi, Chapo ikaanza kujikuna. Usiku mzima ni kujikuna, inajiuma karibu na mkia mpaka manyoya zikaanza kutoka. Mimi nayo naamka na vidoti nyekundu kwa vifundo za miguu. Nikauliza mtaani. Msee wa kwanza akasema nipake mafuta taa. Wa pili akasema dawa ya kuogesha ng'ombe, matone mbili kwa karai, imeisha hiyo. Wa tatu, mama jirani, akaniambia niirudishe tu nje penye niliitoa. Wote walikuwa wananisaidia venye wanajua. Lakini wote walikuwa wanaangalia paka, na ngori ilikuwa chini ya miguu yetu.

Hii kitu nimeijua kwa kuuliza daktari wa wanyama na kwa kukaa chini na Chapo na karai. Nakuwekea yote hapa ndio paka yako isidedi bure.

Jua adui anaishi wapi

Kiroboto ya paka ndio hiyo hiyo mara mingi inasumbua mbwa. Wasomi wanaiita Ctenocephalides felis. Ikirukia paka inaanza kunyonya damu saa hiyo hiyo, na kama ni ya kike, siku moja ama mbili ikipita inaanza kutaga. Kwa siku inaweza toa mayai 40 mpaka 50. Piga hesabu: viroboto kumi za kike ni mayai 400 na zaidi, kila siku. Na hizo mayai hazishikani na manyoya. Paka ikitembea zinamwagika kwa kapeti, kwa mishono za kochi, chini ya kitanda, kwa blanketi yenye mnashea.

Yai ikipasuka inatoka kabuu. Hako hakapendi mwangaza, kanaingia kwa nyufa za sakafu na kanadishi mavi ya viroboto wakubwa, yenye ni damu imekauka. Baadaye kanajishonea kifuko, kanatulia huko ndani kama maji ya mtungi. Dawa za kupuliza hazipenyi hiyo kifuko. Kanaweza ngoja wiki kadhaa, hata miezi, mpaka kaskie joto, pumzi ama kishindo ya mtu. Ndio maana unaendanga ocha Disemba, keja inafungwa wiki tatu, na Januari ukifungua tu mlango miguu zinarukiwa. Zilikuwa zinakungoja.

Madaktari wa wanyama wanasema hivi: ukijumlisha viroboto, mayai, mabuu na hizo vifuko, zile kubwa ziko kwa paka ni kama asilimia 5 tu. Asilimia 95 iko kwa keja. Niliposkia hiyo, nilibadilisha mpango yote.

Kama hujui ni viroboto ama ni vumbi, chukua chanuo ya meno zimebanana, ile mathe alikuwa anatutoa chawa nayo. Chana karibu na mkia na nyuma ya shingo, alafu gonga ile uchafu kwa tishu nyeupe yenye umelowesha. Vidoti nyeusi zikigeuka nyekundu ya kutu, hiyo ni damu ya paka yako imepita kwa tumbo ya kiroboto. Zikibaki nyeusi, ni vumbi.

Zenye zinaua paka

Kabla tufike kwa maji ya kuosha paka, shika hii. Paka inajilamba siku mzima. Chochote unapaka kwa manyoya kinaishia kwa tumbo.

Permethrini iko kwa dawa mingi za viroboto za mbwa na kwa dawa za kupuliza wadudu. Mbwa inaivumilia. Ini ya paka haiwezi kuivunja haraka venye ya mbwa inaweza, so inabaki kwa mwili ikichoma neva. Beshte yangu aliwekea paka yake dawa ya mbwa juu aliambiwa tu aipunguze kipimo. Usiku huo ikaanza kutoa mate, misuli zikaanza kurukaruka, alafu ikaingia degedege. Ilipona juu alitoka nayo mbio saa hiyo, hakungoja kukuche. Kupunguza kipimo hakukuwa kumesaidia kitu.

Hizi pia usiguse: dawa ya kuogesha ng'ombe, yenye mingi iko na amitrazi, poda ya kuku, mafuta taa, na ile dawa ya kuua viini inageukanga nyeupe kama maziwa ukiitia kwa maji. Sisi inatusaidia kwa kidonda, paka inaidhuru. Mafuta za kunukia za matone, zile watu wanasema ni asilia, nazo ziache. Asilia haimaanishi salama kwa paka.

Kama tayari umepaka na unaona inatetemeka, osha ile dawa na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ifunge kwa taulo ikauke isishikwe na baridi, na toka nayo kwa daktari na kifurushi ya dawa mkononi. Usiilazimishe kunywa maziwa. Usijaribu kuitapisha.

Siku ya karai

Paka mwenye ako fiti haoshwi kila wiki. Ulimi wake uko na vimiiba vidogo vya kuchana manyoya, hiyo kazi anaiweza. Unaosha kama viroboto zimejaa, ama ameingia kwa oili, ama amezeeka hawezi jifikia. Mgonjwa, mwenye mimba na mwenye ametoka operesheni usimweke kwa maji bila kuuliza daktari. Katoi chini ya wiki nane kanaisha joto haraka, so tumia ile chanuo peke yake na kila ukichana uichovye kwa kikombe ya maji na sabuni.

Mimi nangoja saa saba mchana, jua ikiwa imeingia kwa balkoni. Mitungi za maji ziko ndani tayari, juu huku kwetu maji inaweza kata ukiwa katikati, na paka yenye imeachwa na povu itajilamba hiyo povu yote. Nachana Chapo, nakata ncha za kucha zile nyeupe tu, kisha naweka karai mbili: moja ya kuosha, moja ya kusuuza. Kwa kila moja natandika taulo ya mtumba chini. Paka inashtuka sana mguu ikiteleza, ikiwa na kitu ya kushika inatulia. Maji ni ya vuguvugu, unaipima na kiwiko venye unapimia mtoi, na kina yake ni vidole nne tu. Redio imezimwa, mlango na dirisha zimefungwa, omena iko kando kwa kisahani.

Sabuni ni shampuu ya paka. Ukikosa, matone kidogo ya sabuni laini ya vyombo, kwa hiyo siku moja.

Anza na shingo. Tengeneza pete ya povu kuzunguka shingo yote kabla uloweshe mwili. Viroboto zikiskia maji zinakimbilia kichwa, kwa macho na maskio, penye huwezi sugua. Hiyo pete inazifungia njia. Alafu shuka na mgongo, tumbo, kwapa, mkia. Acha povu dakika chache huku unachana. Sabuni inafanya kiroboto izame, juu maji tupu inaibeba inaelea. Uso usiimwagie maji, panguza na kitambaa. Maskio zibaki kavu.

Suuza na kikombe, polepole, mpaka maji itoke bila povu hata kidogo. Usiishike na ngozi ya shingo kuiinua, shika kifua na ushikilie miguu za nyuma na mkono ingine. Ongea nayo sauti ya chini muda wote. Na ikianza kulia ile sauti nzito ya uoga, suuza yenye imebaki na uachie hapo. Mara ya kwanza na Chapo tulimaliza mgongo tu. Ya pili tulimaliza yote. Taulo kavu, kukumbatia, jua, omena.

Ikikukwaruza, osha na sabuni na maji ya kutiririka. Mavi ya viroboto hubeba bakteria yenye inaingia kwa kidonda kupitia kucha ya paka. Ikikuuma, osha dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo, haswa kama ni paka haijachanjwa. Kichaa cha mbwa hata paka inabeba, na huku kwetu bado iko.

Vita ni kwa nyumba

Sasa Chapo ni safi, lakini sabuni haiachi ulinzi. Ikirudi kwa ile ile kapeti, kesho zimeirukia tena. So siku ya karai ndio siku ya keja.

Toa kapeti, vitambaa za kochi na blanketi. Zenye zinaoshwa, osha na maji moto sana. Zenye hazioshwi, zipeleke kwa ruf, zipige fimbo, ziachie jua kali. Mabuu yanakufa yakikauka. Sukuma kitanda, fagia kona zote na nyufa, na takataka ifunge kwa mfuko na iende nje saa hiyo. Fagia kila siku mbili. Kishindo ya kufagia inaamsha zile ziko kwa vifuko zitoke, na zikitoka ndio unaziweza. Usiku weka sahani ya maji na sabuni kwa sakafu chini ya taa. Zile zimetoka sasa hivi zinafuata mwangaza, zinaruka, zinazama. Kama lazima upulize dawa, paka itoke nje ya nyumba mpaka ikauke kabisa na hewa ipite.

Alafu ndio dawa ya matone, ile inawekwa nyuma ya shingo penye paka haifiki kulamba. Kifurushi iwe na picha ya paka, kipimo ifuate uzito, na uulize daktari kama umri inatosha. Za paka zinaweza kuwa na fipronili ama selamektini. Ya fipronili usiiweke ndani ya siku mbili za kuosha, kabla ama baada. Kama uko na paka mbili na mbwa, zote zitibiwe siku moja, kila moja na dawa yake. Rudia kila mwezi, angalau miezi mitatu, juu vile vifuko vitaendelea kupasuka. Ukiona kiroboto moja wiki ya tatu, usidhani dawa imekataa. Hiyo ni ya yai ya kitambo.

Cheki pia chini ya mkia. Ukiona kitu kama punje za mchele, hiyo ni minyoo tegu: paka ilimeza kiroboto ikijilamba. Hiyo inataka dawa yake. Na kwa katoi, funua mdomo uangalie ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, viroboto zimekamaliza damu, kimbia.

Penye pa kukimbilia pako. Chuo Kikuu cha Nairobi kiko na kliniki ya wanyama Kabete, na KSPCA, shirika la kutunza wanyama, wako Karen. Mtaani, tafuta daktari mwenye amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Wanyama, na umuulize namba yake bila aibu.

Mimi na Chapo tulipigana mwezi moja na nusu. Wiki ya tano bado nilikuwa napata moja moja, na sikuelewa juu kwangu palikuwa safi. Alafu nikacheki paka ya mama jirani inalala kwa ngazi, kwa gunia, mbele ya mlango yangu. Nikabisha kwake na chanuo na tishu. Tukachana pamoja, tishu ikageuka nyekundu. Jumamosi iliyofuata kapeti za floo yetu yote zilikuwa kwa ruf, watoi wanazipiga fimbo, ile gunia ikachomwa, ngazi zikaoshwa mpaka chini.

Jana nimechana Chapo tena. Nimegonga chanuo kwa tishu, nikangoja. Tishu imebaki nyeupe. Chanuo iko kwa mama jirani sasa, anaangalia yake.