NANI ANAFUNGUA BARUA YAKO?

Wewe ni karani wa mgodi, huko Geita au Kahama. Saa ya mapumziko unafungua akaunti yako ya benki kwa kompyuta ya kazini. Je, kuna mwingine anayesoma?

Tovuti inayoanza na herufi https ni kama barua iliyofungwa na kupigwa muhuri. Njiani watu huona inakokwenda tu, ya ndani hawayaoni.

Lakini ofisi nyingine zina mashine ya katikati, iitwayo proksi. Hiyo inaweza kufungua barua, kuisoma, kisha kuifunga tena kwa muhuri wake yenyewe. Kompyuta ikiona muhuri mgeni hukuonya. Ila kama mwajiri amekwisha kuiwekea cheti cha proksi, hunyamaza kimya. Waajiri wengine hufanya hivyo ili kunasa virusi na kuzuia siri za kazi zisitoke.

Mwaka 2019 serikali ya Kazakhstan iliwataka watu waweke cheti kama hicho katika simu zao. Mwezi Agosti mwaka huo Google, Mozilla na Apple walikikataa.

Basi tufanye hivi:

1. Mambo ya benki na ya ugonjwa tusiyafungue kwenye kompyuta ya kazini.
2. Ukiambiwa weka cheti katika simu yako, uliza kwanza ni cha nani na cha kazi gani.
3. Ukiona onyo, usibonyeze "endelea".
4. Mwulize mwajiri anakusanya nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka uelezwe sababu.

Kusoma tumejua. Sasa tujue na nani anatusoma.